Kilo 38 za papa: kisa cha jarife moja huku kwetu Malindi

Kazi yangu ni kuandika samaki wanaoshushwa bandarini, na siku hiyo kwa daftari niliandika "papa, kilo 38", nikapiga mstari, nikaenda zangu kunywa chai na mahamri. Ilikuwa kaskazi, bahari shwari, vyombo vimeingia vingi asubuhi moja na pale kwenye mizani watu wanasukumana, kwa hivo sikutazama sana kilichokuwa ndani ya kapu. Jioni nikifika nyumbani ndo nikaona. Mamangu ni mama karanga, anakaanga samaki anauza pale kona ya msikiti kuanzia alasiri, na siku hiyo karai la mafuta lilikuwa na vipapa vidogo vidogo vya kichwa nyundo, hawa tunaowaita pingusi, wamekatwa vipande viwili viwili na vichwa vimewekwa kando kwa sinia, paka wanazunguka. Nikavihesabu vile vichwa, nkapata 14. Na yeye alikuwa amechukua fungu moja tu, wenzake walichukua yale mengine.

Kesho yake nkamuuliza baharia mmoja wa kile chombo, jana mulipata pingusi wangapi, akacheka kwanza manake hakuna mtu ashawahi kumuuliza swali kama hilo, halafu akasema 52. Wote wa jarife moja, yaani wavu mmoja, usiku mmoja. Alikuwa amebakisha mmoja wa kula nyumbani akanitolea nimuone: urefu wake ni kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole, na ukimgeuza tumbo juu, katikati ya yale mapezi mawili ya kifua kuna kovu la kitovu bado bichi halijafunga. Yaani huyu amezaliwa juzi. Kwa asiyejua, papa wengi hawatagi, pingusi anabeba mimba karibu mwaka mzima anazaa watoto wazima, na mtoto anazaliwa na kitovu kama binadamu.

Sasa rudi kwa daftari yangu. Kilo 38. Papa mmoja tu wa urefu wa mtu mzima anaweza kufika kilo hizo, na watoto 52 wa siku chache nao wakafika kilo hizo hizo, na mimi nimeandika mstari ule ule. Mtu akikaa ofisini mwisho wa mwaka akijumlisha karatasi zangu hatajua kama huku kwetu tumevua papa mmoja ama tumemaliza kizazi cha mama wawili watatu. Nimeandika hivyo kwa miaka miwili. Kwa hivo kisa hiki mimi pia nimo ndani, sitaki kuandika kama vile nlikuwa nimekaa juu ya mnazi nawatazama wengine.

Bandari siitaji jina. Ni kaskazini ya mji wa Malindi, upande wa ghuba ya Ungwana, kule maji yanakuwa ya matope manake mto Sabaki unamwaga kwa upande mmoja na Tana kwa upande mwingine. Wanaojua watajua. Nahodha wa kile chombo nitamuita Ami, manake ndo ninavyomuita, ni rafiki wa marehemu baba. Ana mashua yenye mashini, mabaharia 5, na jarife.

Jarife kwa mtu wa bara ni wavu mzito wa matundu makubwa, uzi mnene, chini una chubwi na juu una maboya ambayo mara nyingi ni mitungi ya mafuta iliyotupwa. Unautega alasiri unarudi nyumbani unalala, alfajiri unaenda kuutoa. Ndo wavu wa papa na taa, yule samaki bapa, tangu zamani. Si haramu. Nasema hivo mapema manake kuna watu wakisikia papa wanadhani lazima kuna mhalifu mahali, hapa hakuna aliyevunja sheria, na hilo ndo linafanya kisa kiwe kigumu.

Swali la kwanza nililomuuliza Ami, na nliliuliza kwa adabu tumekaa kwa jiwe nje ya banda, ni kwa nini jarife iko pale mlangoni mwa mto na sio kule nje kwa maji makubwa alikokuwa akitega siku zote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, ile jarife si yangu."

Basi hapo ndo kisa kinapoanzia.

Ile jarife ni ya tajiri. Tajiri huku si lazima awe na gari, tajiri ni yule anayekupa kitu leo umlipe na mali yako kesho. Huyu alimnunulia Ami wavu na mashini, makubaliano yakawa mapezi yote ya papa yanaenda kwake mpaka deni liishe, nyama ibaki kwa chombo. Ukivua papa, nyama inapimwa, inauzwa, mafuta na barafu yanatolewa, kinachobaki kinagawanywa mafungu: fungu la chombo, la wavu, la nahodha, ya mabaharia. Mapezi hayaingii kwenye mafungu. Yanakatwa pale pale ufukweni na mtu wa tajiri, yanahesabiwa kwa seti, na seti ni pezi la mgongo, mawili ya kifua na ile ncha ya chini ya mkia, yanaanikwa juu ya bati mpaka yakauke yawe kama mbao, halafu Mombasa, halafu huko mbali. Ami alisema kuna siku mapezi ya papa mmoja mkubwa yalikuwa na thamani kuliko nyama yake yote, na yeye hakushika hata shilingi, ilikatwa kwa deni. Na deni halishuki, manake kila wavu ukichanika nyuzi za kushona zinatoka kwa tajiri, mashini ikifa ni tajiri, mtoto akiugua ni tajiri. Simsemi vibaya, mimi mwenyewe ada ya kidato cha nne ilitoka kwake baba alipofariki. Ni mtu wa watu. Lakini hesabu ni hesabu.

Nataka nisimame hapa kidogo manake watu wakizungumzia biashara ya mapezi wanafikiria ile picha moja, papa amekatwa mapezi akiwa hai halafu anatupwa baharini anazama. Hiyo ipo, hasa kwenye meli kubwa za bahari kuu ambako friza ni ya jodari na papa anachukua nafasi bure, na ndo maana tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ambayo Kenya ni mwanachama ilipitisha mwaka 2017 kwamba papa anayeshushwa bila kugandishwa lazima afike na mapezi yake mwilini. Sawa kabisa. Lakini ukileta sheria hiyo bandarini kwetu hakuna mtu itamgusa. Nani atatupa papa hapa? Papa analiwa kutoka kichwa mpaka mkia, akizidi anapasuliwa anatiwa chumvi anakuwa ng'onda, ng'onda inalowekwa inapikwa na nazi na ukwaju au embe bichi, na ukienda Lamu usiseme, kule bibi yangu mzaa mama alikuwa haoni raha ya wali bila papa. Sisi tunapasi ule mtihani wa mapezi mwilini asilimia mia kila siku, na bado pingusi 52 wa kitovu kibichi wako kwa karai la mamangu.

Na ajabu nyingine: wale watoto 52 mapezi yao hayana thamani. Ni madogo kama jani la mkunazi, mtu wa tajiri hata hakuyatazama. Kwa hivo ukifuata pezi, hawa hawaonekani kabisa, utasema huyu mvuvi hana uhusiano na biashara ya mapezi. Lakini wavu uliowaua ulinunuliwa na pezi. Pezi ndo lilileta jarife na pezi ndo linaifanya iwe ndani ya maji kila usiku, hata usiku ambao haina cha kulipa.

Sasa kwa nini ilihama. Ami anavyosimulia, mambo yalikuwa sawa mpaka ile karatasi. Karatasi anayoisema ni kibali cha CITES, ule mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pingusi wa aina 3 waliingizwa orodha ya pili kwenye mkutano wa Bangkok 2013, ikaanza kufanya kazi Septemba 2014. Orodha ya pili haisemi usiuze, inasema ukitaka kuvusha nje ya nchi uwe na kibali kinachothibitisha mali imepatikana kihalali na uvuvi wenyewe haumalizi hao samaki, na Kenya kibali kinatoka KWS, shirika la wanyamapori. Miaka ile ya mwanzo huku hakuna aliyejua, pezi likishakauka nani atajua ni la papa gani. Halafu mwaka 2022 kule Panama wakaingiza ukoo mzima wa papa wa kawaida, hawa wa kijivu ambao ndo wengi sokoni, ikaanza Novemba 2023, na hapo sasa karibu mapezi yote yanayozunguka duniani yanahitaji kibali. Tajiri akarudi kutoka Mombasa na uso mwingine. Mnunuzi wake hataki mali isiyo na karatasi, au anaitaka kwa bei ya kutupa. Bei ikaanguka, deni la Ami likabaki pale pale lilipokuwa.

Mtu mwenye deni na mali isiyo na bei anafanya nini? Anapunguza mafuta. Akaacha kwenda nje, akaleta jarife karibu, pale kwa matope mlangoni ambapo mashini unaiwasha dakika chache tu, na hapo anapata taa wadogo, fumi, na hivi vipapa, vitu vya kuuza kwa mama karanga siku hiyo hiyo. Na pale ndo pingusi wanakuja kuzalia. Mtu yeyote wa Ungwana anajua hilo, wazee wanalijua bila chuo, maji ya matope na chakula kingi na papa wakubwa hawaingii kula watoto. Meli za kuvua kamba zilizokuwa zikikokota nyavu ghuba hii zilikuwa zikiwatoa pia, zilisimamishwa 2006 zikarudishwa 2011, na kila mmoja hapa ana maoni yake kuhusu hizo meli ambayo sitayaandika manake nitajaza kurasa.

Ukimsikiliza Ami peke yake basi kisa kinaonekana kimeisha: karatasi za wazungu na wakubwa zimemsukuma mvuvi maskini kwa watoto wa papa. Nlikaa na fikra hiyo wiki mbili. Hata niliisema kwa sauti kwenye bao na watu wakaitikia.

Mkutano wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari, uliitwa si kwa sababu yangu, uliitwa manake Ami na tajiri walikuwa wamegombana kuhusu deni mbele za watu na wazee wakaona lisuluhishwe kabla halijaharibika. Tukakaa banda la samaki baada ya laasiri, mbao za kuuzia zimeoshwa lakini harufu haiondoki. Mimi nlikuwa naandika kumbukumbu. Tajiri akaja na daftari lake. Jalada gumu, jeusi, pembe zimechakaa zimefungwa na selotepu, daftari la tangu 2011. Alikuja nalo athibitishe deni, akaanza kusoma mstari kwa mstari.

Nakwambia nilipoliona nilitamani kuficha la kwangu chini ya kiti. Huyu bwana kwa kila papa ameandika tarehe, chombo, aina kwa jina letu, seti ngapi, pezi la mgongo urefu wake inchi ngapi, daraja lake kubwa au kati au ndogo, na bei. Pingusi ameandikwa pingusi. Mimi niliyepewa semina na kofia naandika "papa", na mtu ambaye hakupewa semina na yeyote amejua kutenganisha kila kitu, kwa sababu kwake kila aina ni pesa tofauti. Kumbukumbu nzuri kuliko zote za papa kwenye bandari ile zilikuwa kwa mnunuzi wa mapezi.

Akaendelea kusoma. Kurasa za mwanzo karibu kila mstari unaisha na "kubwa". Kubwa, kubwa, kati, kubwa. Watu wanaitikia, wanakumbuka, eh yule wa siku ya mvua, yule aliyevunja usukani. Akafika katikati ya daftari, sauti yake ile ile ya kuchoka, kati, kati, ndogo, kati. Halafu ndogo, ndogo, ndogo. Alikuwa bado hajafika mwaka 2020. Nahisi yeye mwenyewe hakuwa anasikia anachosoma, alikuwa anatafuta jumla. Mzee mmoja akamuinulia mkono, akasema, "Hebu ngoja bwana. Hiyo karatasi ilianza lini?" Tajiri akasema 2023. Mzee akasema, "Na wakubwa waliisha lini?"

Kimya. Ami akatazama chini.

Kwa hivo niliyoyasema kwenye bao nayafuta. Karatasi ilikuja ikakuta wakubwa wameshapungua, Ami alikuwa tayari anarudi na seti ndogo na deni linapanda, bei ilipoanguka ndo ikawa kisingizio kilicho karibu. Simlaumu, hata mimi nilikidaka haraka. Lakini ukikosea hapo utakosea na dawa pia, utasema karatasi ziondolewe bei irudi, na bei ikirudi ni nani atakayeenda kuvuliwa? Wale wale ambao daftari linasema hawapo. Pingusi huyu wa Ungwana jike lake linaweza kupita miaka 10 kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na tangu 2019 wanasayansi wamemuweka daraja la mwisho kabisa la hatari kabla ya kutoweka porini. Hajifidii kama dagaa.

Halafu tukaingia kwenye nini kifanyike, na hapa palikuwa na zogo.

Mmoja akasema matundu yaongezwe, watoto wapenye. Wazo zuri kwa samaki mwingine, kwa pingusi halifanyi kazi. Kichwa kile ni kama herufi T, kinanasa kwa tundu la inchi yoyote, mkubwa kwa mdogo, akishaingiza ncha moja anageuka anajifunga mwenyewe. Mwingine akasema basi tukiwakuta tuwaachilie. Ami ndo akajibu hilo, na alijibu kama mtu aliyejaribu: ukifika alfajiri wameshakufa. Pingusi anahitaji maji yapite kwa mashavu muda wote, ukimzuia kuogelea hamalizi usiku, ni katika papa wanaokufa haraka sana kwenye wavu. Kumwachilia maiti hakuna thawabu.

Yule mzee aliyeuliza swali la mwaka akasema kitu ambacho nimekuwa nikikifikiria tangu siku hiyo. Nyumbani kwake juu ya mlango wa ukumbi kuna upanga wa papa upanga, meno yake kando kando, umepigwa misumari miwili na baba yake. Watoto wote wa mtaa tumekua tukiutazama. Akauliza ni nani hapa chini ya miaka 50 ameshawahi kumuona papa upanga mzima. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema alikuwa anazaa hapa hapa, mlangoni, kwa mikoko, na ule upanga ulikuwa ukinasa kwa wavu wowote ule hata wa uzi mwembamba. Hakuongeza neno, akaketi. Papa upanga leo biashara yake kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku lakini huku kwetu hilo limekuwa kama kufunga mlango wa zizi, ng'ombe kashaondoka.

Kilichoamuliwa ni hiki. Jarife isitegwe kwenye maji ya matope, kutoka jiwe tunalolijua wote mpaka kule kwenye mikoko, miezi ya kaskazi, Disemba mpaka Machi. Kule nje Ami aende akitaka. Juu ya deni, tajiri akubali kulipwa kwa nguru na kolekole wa mshipi badala ya mapezi, kwa bei ya soko siyo bei yake, na nyuzi za kushona jarife zisiongezwe kwenye deni miezi ambayo jarife iko juu. Hili la mwisho ndo lilichukua muda mrefu kuliko yote, magharibi ikaadhiniwa watu wakaenda kuswali wakarudi. Kwangu mimi ndo pointi yenyewe. Unaweza kufunga eneo kwa bandiko na muhuri, lakini kama deni linaendelea kupanda wakati wavu umekunjwa, usiku mmoja wa giza utategwa tu, na hakuna boti ya doria hapa, kuna Ami na dhamiri yake na mkewe anayeuliza unga uko wapi. Tajiri alikubali nafikiri kwa sababu daftari lake lilikuwa limemshtaki mbele ya watu, na pia kwa sababu nguru ana soko la uhakika Malindi mjini kwenye mahoteli. Nilimuomba nipige picha zile kurasa, akakataa, humo mna siri za watu. Lakini akakubali anisomee niandike. Ilichukua siku mbili, kwa duka lake, tukikatizwa na wateja wa sukari.

Upande wangu, nikachora safu mbili kwa daftari kwa rula na biro: aina, na wangapi. Halafu nikafunga utepe wa fundi cherehani kwa mguu wa mizani wa kupimia urefu. Nilipopeleka karatasi za mwezi ule ofisini, afisa mmoja, simtaji na ofisi siitaji, alinirudishia, akasema fomu ina mstari mmoja wa papa na mwingine wa taa na kompyuta haipokei zaidi. Nikamuuliza sasa nifanye nini na hizi hesabu, akasema niziweke. Nimeziweka. Ziko kwa mfuko wa plastiki chini ya kitanda pamoja na nakala ya daftari la tajiri, na siku mtafiti akija kunywa soda bandarini kama wanavyokuja, ntampa.

Mapungufu ya makubaliano yapo, nayasema manake nshasema nitasema yote. La kwanza, wageni. Kaskazi iliyofuata Ami alikaa nje ya matope, nilimuona kwa macho yangu, deni limeshuka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, halikuisha. Lakini usiku mmoja wa Februari kulikuwa na boya jekundu pale pale kwenye mlango, si la kwetu, wavuvi wa kutoka bandari nyingine ambao hawakuwa kwenye mkutano na hawana deni kwa tajiri wetu, wana wa kwao. Vijana walitaka kulikata, wazee wakazuia, ukikata wavu wa mtu kesho yako ni wako umekatwa. BMU imeandikia ile bandari nyingine barua. Barua imefika, jibu halijafika.

La pili ni kubwa zaidi na ni aibu yangu. Kwenye mkutano ule kulikuwa na nahodha, mabaharia, tajiri, wazee, mimi na kalamu yangu. Hakukuwa na mama karanga hata mmoja. Hakuna aliyekumbuka kuwaita, pamoja na mimi ambaye nimekula, nimesoma na nimevaa kutoka kwa karai lile. Tulikaa masaa 4 tunajadili deni la tajiri na deni la Ami, na hakuna aliyeuliza wale samaki wadogo wa bei ya chini wanalisha nani. Nguru wa mshipi anaenda hotelini, mama karanga hawezi kumnunua, fungu la pingusi alikuwa anaweza.

Nilimwambia mama habari ya uamuzi usiku ule ule. Alikuwa anaosha karai na majivu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Miezi minne?" Nkasema ndio. Akaendelea kusugua, halafu akasema, "Na nyinyi wenye madaftari mumeandika nitakaanga nini?"

Sikuwa nimeandika. Kaskazi hii anakaanga viazi karai na bajia, na dagaa akiwapata. Kuna siku anafunga mapema kabla ya isha. Mwezi ujao kuna mkutano mwingine na safari hii nimempelekea mwenyekiti majina matano ya mama karanga, la kwake liko juu.